Kwetu Hakuna Aliyekufa kwa Moyo

Muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Kasongo ni kijana mpole, ila ana maswali ya polisi. "Papa, una miaka mingapi? Unavuta sigara?" Akanifunga kitambaa cha presha mkononi, akapuliza mpaka vidole vikafa ganzi, akasoma 150, kisha akakunjua chati yenye viboksi vya rangi. Shirika la Afya Duniani lilitoa upya chati hizi mwaka 2019, zikiwamo za watu wasio na maabara ya kupima kolesteroli, yaani sisi. Unachukua umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu, halafu unasoma hatari yako ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Nikalalamika: uzee na uanaume sikuviomba, mbona vinahesabiwa? Akajibu kwamba chumvi, basi, naiomba kila siku mezani.

Ndipo akagusa makayabu yangu, samaki wangu wa chumvi. Ati mtu atosheke na chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai hakijai. Na mawese nayo apunguze, maana karibu nusu yake ni mafuta ya aina ileile iliyomo kwenye siagi. Sombe, kisamvu chetu, bila mawese si ni majani ya mbuzi?

Lakini swali lililoniudhi ni hili: baba au kaka aliwahi kuugua moyo kabla ya miaka 55? Mama au dada kabla ya 65? Kwetu mtu hafi kwa moyo, anakufa kwa mkono wa mtu. Ikabidi nimpigie shangazi aliyeko Kabambare, ambaye simu yake hukamata akipanda kilima.

"Shangazi, kaka mkubwa alikufa na nini?"

"Wivu. Aliezeka mabati."

"Ilikuwaje?"

"Alishika kifua, jasho likamtiririka, akakaa chini. Hakuinuka."

"Alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa hajaozesha binti hata mmoja."

"Na baba?"

"Yule mkono na mguu vilikufa upande mmoja. Ugomvi wa shamba la mpunga, unaujua mwenyewe."

Nikamweleza habari za muuguzi, chati na miaka 10. Akanyamaza kidogo, nikadhani ameshuka kilima.

"Huyo kijana anayekuhesabia miaka," akasema, "ni mtoto wa nani?"