Kidude cha Fundi wa Gerezani

Columbus, Ohio

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na honi zote za Msimbazi. Nilivyoelewa, fundi wa Gerezani anataka kukufungia kwenye Noah kidude cha kutoa haidrojeni kwenye maji, upunguze petroli, nawe unauliza kama huku Marekani vipo.

Vipo, tena mmoja wa waliovivumisha hakuwa mbali na ninapolala. Hapo Grove City ndipo alipofanyia shughuli zake Stanley Meyer, aliyetangaza kwamba kigari chake kingetoka Los Angeles hadi New York kwa maji lita 83. Mwaka 1996 wawekezaji wawili wakamburuza mahakamani. Wataalamu wakakagua mtambo, wakakuta ni umeme unaopitishwa kwenye maji, basi. Jaji akasema ni utapeli, arudishe dola 25,000. Alikufa mwaka 1998, na wapo wanaoapa hadi leo kwamba aliuawa na wenye mafuta. Ukibisha, unaulizwa nani anakulipa.

Jirani yangu, mzee mstaafu, ni muumini. Gerejini kwake kuna chupa ya achari, vibao vya chuma cha pua, betri ya gari na maji yenye kostiki. Viputo anavipeleka kwenye bakuli la povu la sabuni, anasogeza kiberiti: paa! Mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Zamani alikuwa anatia chumvi, mpaka siku gereji iliponuka klorini na mkewe akahamia kwa binti yao.

Viputo vipo, sibishi. Kinachogoma ni hesabu. Kilo moja ya haidrojeni inakula kama uniti 50 za LUKU, ndani yake mna 33, na injini bado haijala chake. Kwenye Noah umeme huo unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, injini inakunywa petroli ileile. Ni kubadilisha shilingi kuwa dola, kisha kuzirudisha shilingi dirisha lilelile. Usinitajie bajaji za gesi. Ile ya Songosongo imetoka ardhini na moto wake tayari.

Na fundi asikijaribie kidude chake uani kwako, penye majiko ya mkaa. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu hewani, inashika moto.

Hela niliyotuma ni ya kodi ya fremu, si ya kidude. Bibi nimeshamwambia, na risiti ataidai yeye.

Mpwa wako