Familia ya Kibwezi Yaingia Baharini

Mtu wa Kibwezi akikuambia anaogopa maji mengi, usimcheke upesi. Ukiacha chemchemi za Umani na mto unaotoka huko, maji katika sehemu kubwa ya Makueni ni kitu cha kufuatwa na punda na kupimwa kwa mtungi wa lita 20. Mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na mtoto huivuka akikimbiza mbuzi. Ndiyo maana baba mmoja wa mjini hapo alipotangaza kwamba mwezi wa Februari angemchukua mkewe na watoto, mvulana wa miaka miwili na nusu na binti wa miezi minane, wakatembee baharini kwa mashua, mama yake mzazi aliacha kuchambua ndengu akauliza, "Kwani nchi kavu imewakosea nini?"

Baba hakukosa hoja. Wakamba, alisema, hawakuanza jana kuijua pwani. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka hadi Mombasa, na ni Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya. Hata maji ya kwao yalishatangulia: mvua ya vilima vya Chyulu hunywea katika mawe ya volkano, ikaibukia Mzima, na bomba likapeleka sehemu yake Mombasa. Susu, kama wajukuu wanavyomwita, alisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Kivoi alikwenda kwa miguu, na hakubeba nepi.

Katika orodha ya hofu za baba kulikuwa na papa, dhoruba na mashua kutoboka. Hakuna hata kimoja kilichotokea. Yaliyotokea hayakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na yalianzia kwenye treni.

Treni ya SGR inayosimama vituo vya kati, Kibwezi kikiwa kimojawapo, humchukua bure mtoto asiyetimiza miaka mitatu. Mhudumu aliuliza kwa upole, "Huyu ana miaka mingapi?" Mwenye miaka akajijibia: "Kumi!" Mama akatoa kijitabu cha kliniki. Mvulana akashikilia kumi yake hadi Voi.

Feri ya Likoni nayo nusura imalize safari. Malori, mikokoteni, honi na maji, vyote mahali pamoja, na mtu wa miguu halipi hata shilingi! Ilipogusa ng'ambo, mvulana alijishikiza kwenye nguzo akakataa kushuka. Ukweli usemwe: mzazi mwenye mtoto wa umri huo na mfuko mwepesi angeishia hapo hapo, avuke na kurudi mpaka mtoto achoke, anunue viazi karai, arejee Kibwezi akiwa shujaa.

Lakini nafasi ilikuwa imeshalipiwa Shimoni, kusini mwa Kwale, zinakong'oa nanga mashua za kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Majira yalikuwa mazuri. Februari ni kaskazi, bahari ina adabu. Kusi la Juni na Julai lingewaonyesha mambo mengine.

Nahodha, mzee wa kofia na kikoi, alipokea shikamoo zote, akawatazama watoto, akakataa kuondoka. Jaketi la kuokolea maisha alilovishwa mvulana lilikuwa la mtu mzima, naye alionekana humo kama kobe aliyehamia gamba la jirani. Mzee alishika mabega ya jaketi akavuta juu. Jaketi likapanda, mtoto akabaki. "Na majini ni vivyo hivyo," alisema. "Jaketi litaelea, bwana mdogo atakwenda zake." Jaketi la mtoto mdogo sharti limkae sawasawa, liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na la mtoto mchanga liwe na kola ya kuinua kichwa, maana kichwa chake ni kizito mno kwa mwili wake. Mawili ya kufaa yaliazimwa kutoka mashua ya jirani. Mvulana alivishwa lake kwa vita.

Mlango wa bahari kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini umetulia, na kwa muda mfupi baba alijiona baharia. Kisha mashua ikapita ncha ya kisiwa, mawimbi ya bahari kuu yakaipokea.

Wazazi walikuwa wamejiandaa kwa watoto kutapika: taulo, mifuko, tangawizi, maji. Kumbe mtoto asiyefika miaka miwili ni nadra kushikwa na kigegezi cha safari. Humwanza baadaye na kumzidia akiwa wa umri wa shule ya msingi. Chanzo ni ugomvi wa jicho na sikio la ndani. Jicho linalochungulia ndani ya mkoba wa nepi linasema tumetulia, sikio linasema tunapanda na kushuka, na tumbo ndilo linalolipa faini. Binti aliendelea kula ndizi. Kaka yake akaiomba. Mama akanyamaza kimya ambacho si cha kawaida yake. Baba, aliyekuwa ameinamia mkoba akitafuta kofia, alihisi mahamri na mbaazi za asubuhi zikidai njia ya kurudi.

"Tazama mbali, baba, kule maji yanakokutana na mbingu," nahodha akamwelekeza.

Baba akatazama mbali. Mbaazi hazikutazama. Taulo zote zilizofungashwa kwa ajili ya watoto zikatumiwa na wakubwa.

Katikati ya hayo mvulana akaanza kulia, "Susu! Susu!" Baba, akiwa bado ameegemea ukingo, akamfariji: Susu yuko salama nyumbani, kesho kutwa tutamwona, tutampelekea samaki. "Susu!" mtoto akapaza sauti, akiruka ruka. Mama akaguswa moyo; maskini, kumbe anampenda nyanya yake kiasi hiki! Baharia kijana wa Shimoni, asiyejua Kikamba hata neno moja, alielewa papo hapo. Alimnyakua mtoto kwa mikanda ya jaketi, akakimbia naye hadi upande usiopigwa na upepo. Alichelewa kidogo.

Suruali ilipokwisha kubadilishwa, ndala moja ikatupwa majini. Wanaume wazima wakageuza mashua, mmoja akaiopoa kwa upondo. Mtoto wa umri ule hujifunza dunia kwa kurudia jaribio, kwa hiyo ya pili ikafuata. Kuirudia haikuwa anasa. Ndala ni miongoni mwa taka zinazozagaa fukwe za pwani hii, nyingi kiasi kwamba mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliteremsha majini Flipflopi, chombo cha mita tisa kilichoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuvikwa ndala zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Nahodha alimwambia mama kwamba, kwa kasi ile, bwana mdogo angeunda cha pili peke yake.

Pomboo walitokea mashua ilipokaribia Kisite, kundi zima, migongo iking'aa. Watoto wote wawili walikuwa wamelala fofofo. Mashua iliwabembeleza bure, kazi ambayo Kibwezi huchukua nusu ya usiku. Baba akamtikisa mvulana: "Amka, pomboo!" Mvulana akafungua jicho moja, akamwona baba, akalia, akalala tena. Picha zilizobaki kwenye simu zinaonyesha kidole cha baba kikielekea mahali ambapo pomboo alikuwa sekunde moja kabla.

Mvulana aliamka Wasini, tayari kwa maisha. Kisiwa hicho hakina magari, na kina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale, mahali pa kustaajabisha kweli. Yeye hakufika huko. Mezani alimsalimia kaa aliyepikwa, akamhurumia, akaomba muthokoi. Wali wa nazi ukapoa. Ndipo alipopita paka, mwembamba, wa rangi ya mchanga, akifuata harufu ya samaki, na mvulana akasimama kana kwamba hajawahi kuona mnyama. Paka akaingia uchochoroni, mvulana nyuma yake, baba nyuma ya mvulana, mchana kutwa, mpaka nahodha alipokuja kuwaita kwa kuwa maji yalikuwa yanakupwa.

Shimoni, kulivua jaketi kulihitaji watu wawili. Gatini palikuwa na wazazi vijana wakisubiri mashua yao, mtoto mgongoni, wakauliza kama safari ile inawafaa wadogo. Mama akafikiri, akawashauri wabebe taulo nyingi, za wakubwa. Mvulana, begani kwa baba, mguu mmoja hauna ndala, akawapa habari waliyokuwa hawajaulizia.

"Kuna paka," alisema.