Mashine ya Kumnusa Trafiki

Kwa miongo mingi sasa kuna kifaa ambacho Wamarekani hukibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, kidogo cha kutosha kiganjani, chenye taa nyekundu na mlio wa kuudhi. Hakijui kwamba breki zimechoka. Hakioni shimo, hakimtambui mtoto anayefuata mpira barabarani, wala hakina habari na lori lililozimika kwenye kona bila taa. Kazi yake ni moja: kunusa mawimbi ya rada ya polisi na kupiga kelele kabla askari hajakupima mwendo. Kila nikikitafakari kifaa hiki nazidi kumstahi aliyekibuni, maana aliielewa nafsi ya dereva kuliko wahubiri wote wa usalama barabarani. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kumdhuru mtu aliye kwenye kilomita 120 kwa saa, dereva ametoa fedha yake aonywe juu ya kimoja tu, nacho ni yule bwana aliyesimama pembeni ambaye hana nia yoyote ya kumgonga. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwendokasi wa barabara kuu hautokani na watu kutojua kikomo, wanakijua sana. Ila wanaamini kwamba kikomo ni mali ya askari, kinakaa naye pale alipo, na akienda kunywa chai anakwenda nacho.

Kwa Wamarekani imani hiyo ilistawishwa na sheria ambayo haikuhusu usalama hata kidogo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliigomea Marekani, foleni zikajaa kwenye vituo, na Januari 1974 Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya kikomo kimoja kwa nchi nzima: maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89. Nia ilikuwa kubana matumizi ya mafuta. Barabara zenyewe zilijengwa kwa mwendo mkubwa kuliko huo, na huko magharibi zipo sehemu ambazo unaweza kuendesha muda mrefu bila kupata sababu ya kukunja usukani. Vifo barabarani vilishuka kutoka takriban 54,000 mwaka 1973 hadi takriban 45,000 mwaka uliofuata, ingawa haki ni kukiri kwamba watu pia walisafiri kidogo, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwenye kibao. Mafuta yakarudi, kibao kikabaki. Ndipo vinusa-rada vikapata soko, madereva wa malori wakawa wanaambiana kwa redio za upepo askari wamejificha wapi, na mwaka 1984 mwanamuziki Sammy Hagar akatoa wimbo mzima wa kulalamika kwamba 55 haimwezekani. Bunge lililegeza kamba mwaka 1987, likakifuta kikomo hicho cha kitaifa mwaka 1995. Kwa miaka zaidi ya 20 watu walikuwa wamejifunza kutii kwa kuangalia vichakani.

Mashindano yaliyozuka ni vichekesho vya hali ya juu, na waliovitunga ni watu wazima wenye shahada. Wimbi la rada lazima liende hadi kwenye gari, ligonge bati, kisha lirudi kwa askari likiwa limechoka. Kinusa-rada hulipokea lingali linakwenda, lina nguvu zake zote, kwa hiyo dereva hupata habari kabla askari hajapata jibu. Ujanja mzuri, isipokuwa milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe nayo ilitumia rada za masafa ya gigahezi 10.5, yaleyale ya polisi, na madereva wakawa wanakanyaga breki kwa heshima ya duka la mboga. Jimbo la Virginia lilipiga marufuku vinusa-rada. Lakini askari angejuaje nani anacho? Vifaa hivyo huvujisha mawimbi kidogo, basi ikaundwa mashine iitwayo VG-2, ya kunusa kinusa-rada. Watengenezaji nao hawakulala: wakatoa kinusa-rada kinachonusa mashine ya kunusa vinusa-rada, na kikiihisi hujizima chenyewe, kinanyamaza hadi hatari ipite. Yaani mtu alitoa pesa kununua mlinzi ambaye polisi wakikaribia anatangulia yeye kujificha. Kisha ikaja leza. Mwali wake, kwa umbali wa mita 300, una upana usiofika mita moja, hausambai barabarani kama rada, na kipimo hukamilika chini ya sekunde moja. Kinusa kikilia kwa leza kinakuwa kimetoa taarifa sahihi kabisa, kwamba umeshapimwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asicheke mno. Sisi kifaa hicho hatukuhitaji kukinunua kwa sababu tunacho cha bure. Iwe ni Chalinze kwenda Segera au Mlolongo kwenda Voi, dereva anayekuja mbele anakupiga taa mara mbili, unaelewa kuna tochi ya kupima mwendo, unashuka hadi 50, unampita askari ukiwa na uso wa mtu aliyetoka ibadani, na ukishamwacha nyuma unakanyaga mafuta kufidia uchaji wako. Watu ambao kwenye foleni ya Ubungo wasingepeana nafasi ya baiskeli wanakuwa ndugu. Huko Missouri, mwaka 2014, jaji wa mahakama ya shirikisho aliuzuia mji mmoja kuwaadhibu madereva kwa kupigiana taa, akiona kwamba ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Sina ugomvi na jaji. Ningependa tu kujua huwa tunajieleza nini. Watetezi wa taa na wa vinusa-rada wana jibu tayari: je, si mtu amepunguza mwendo? Si ndilo lengo? Amepunguza, ndiyo, kwa mita mia chache, tena pale ambapo barabara ilikuwa salama kuliko kwingine kote kwa kuwa kila mtu alishaonywa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Wastani huo ni wa barabara nzima, hautafuti alipo askari. Mtoto anayefunika kopo la sukari akisikia viatu vya mama mlangoni hajaacha kuila sukari.

Pingamizi la pili lina uzito, na anayelibeza hajawahi kusafiri. Linasema vikomo vingine havina akili. Ni kweli vipo vibao vya 50 vilivyosimama mahali ambapo nyumba ya karibu huioni hata ukisimama juu ya keria, na vipo ambavyo mwanzo wake unaonekana lakini kibao cha mwisho kiling'olewa zamani kikaenda kwenye vyuma chakavu, hivi kwamba mtiifu wa kweli ingempasa aende na 50 yake hadi Tunduma. Wahandisi wa Marekani walijaribu kulitatua hili kwa kanuni ya kidemokrasia: pima mwendo wa magari yanayopita bila msongamano, tafuta mwendo ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi, kisha uandike huo kwenye kibao. Ni kura inayopigwa kwa mguu wa kulia. Naikubali busara iliyomo, kwa sababu sheria inayovunjwa na karibu kila mtu inawafundisha watu dharau tu. Lakini mwaka 2017 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilionya kwamba kanuni hiyo huweza kupandisha vikomo, vikomo vikapandisha mwendo, na mwendo mpya ukapimwa tena. Zaidi ya hapo, daftari la wapiga kura lina mapengo. Mama anayevuka barabara Mdaula akiwa na ndoo kichwani hakupiga kura, na ndiye atakayelipa: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65. Tofauti ya 15 tu, ambayo dereva anaiita "nimezidisha kidogo."

Tena nina shaka kama namba nzuri ingetuponya. Jimbo la Montana, baada ya 1995, liliwaachia madereva hekima yao: mchana hakukuwa na namba kwa magari madogo, uendeshe tu kwa busara. Kila mtu akajikuta ana busara ya kutosha, hadi mahakama ya juu ya jimbo ikasema mwaka 1998 kwamba sheria hiyo haieleweki, na mwaka uliofuata ikarudi namba, maili 75. Abu Dhabi walikuwa na desturi nyingine. Kamera ilivumilia kilomita 20 juu ya kibao, basi kibao cha 120 kila dereva alikisoma 140. Agosti 2018 serikali ikauondoa uvumilivu huo, na katika barabara kadhaa ikapandisha namba ya kwenye kibao, ili kibao kiseme kile ambacho madereva walikuwa wameshakisoma. Sheria ilimfuata mtenda kosa ikamwomba radhi.

Linabaki pingamizi linalopendwa kuliko yote kwenye mabasi na vijiwe: trafiki haokoi maisha, anavizia. Anakaa nyuma ya mbuyu na tochi yake, picha yako inatumwa kwa mwenzake aliye mbele, na huko unakuta shilingi 30,000 zinakusubiri. Malalamiko haya nayapokea, ila hayapeleki kule yanakodhaniwa. Kama kuvizia ni aibu, tuombe kipimo kisichohitaji mbuyu. Kipo. Italia wana mfumo wa Tutor tangu 2005, na barabara ya A9 ya Scotland, kutoka Dunblane hadi Inverness, ina kamera za aina hiyo tangu 2014. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari, ya pili inaisoma tena mbele, na kompyuta inagawanya umbali kwa muda. Ukipita ya kwanza saa nne kamili na ya pili, kilomita 40 mbele, saa nne na dakika 20, hesabu ya shule ya msingi inasema ulikwenda 120. Hakuna cha kunusa, kamera zinaonekana wazi, na taa za mwenzako hazikusaidii. Anayetaka kudanganya njia anayo: akimbize gari, kisha aegeshe karibu na kamera ya pili asubiri wastani wake upoe. Wazo hilo si geni kwetu, maana LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu Tanzania, hufuatilia mwendo wa mabasi ya abiria kwa mfumo wa VTS. Wapo waliouchezea, kama vidhibiti mwendo vya kilomita 80 vilivyoletwa Kenya na waziri wa uchukuzi John Michuki mwaka 2004 navyo havikukosa mafundi wa kuvichokonoa. Lakini wanaouchezea wenyewe ni ushahidi kwamba unauma.

Na haya yote ni kwa faida gani? Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita zisizozidi 200. Anayekwenda 100 bila kupunguza popote humwacha wa 80 kwa kama nusu saa. Bila kupunguza popote, yaani asikutane na malori ya Kibaha, wala matuta ya Mlandizi, wala mizani ya Vigwaza inayopanga magari foleni. Kwa barabara halisi anaambulia dakika chache, na hizo anazimaliza Chalinze akibishana bei ya mishikaki. Kuzipata dakika hizo, gari lake limebeba nguvu ya mwendo iliyozidi ya mwenzake kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, na breki ni zilezile.

Kwa hiyo serikali ing'oe vibao vya kipuuzi, irudishe vya kumaliza 50, na ipime barabara badala ya kupima kichaka. Wewe dereva, undugu wa taa usiuache, ila uhamishe kazi. Ukikuta lori limekufa kwenye kona limewekewa matawi tu, ukikuta ng'ombe wanavuka, ukikuta watoto wametoka shule wamejaa barabarani, hapo piga taa hata mara kumi. Trafiki muache, huyo hana ugonjwa wa kukuua.