Mshubiri wa Kisesa: Mwongozo kwa Mvivu Mwenye Nia

Kwanza, usinunue mpira wa kumwagilia. Hela hiyo iweke. Itanunua soda za wageni watakaokuja kukushauri.

Tunaouzungumzia ni mshubiri wa kwetu, Aloe secundiflora, unaojiotea kuanzia Ethiopia hadi Tanzania. Siyo ule wa kwenye chupa za shampuu, wenye asili ya Uarabuni, ingawa Kisesa nzima imeshakubaliana kwamba kila chenye majani manene na miiba ni alovera. Usibishane. Una shamba la kutunza, au tuseme la kutotunza.

Tafuta luseni, kichanga cha mteremkoni chini ya mawe, kipande ambacho hata ndugu zako hawajawahi kukigombania. Mbuga nyeusi waachie wenye mpunga. Maji yakituama humo, mizizi inaoza. Na lile tairi lililopakwa chokaa mbele ya nyumba, kama halina pa kutolea maji, ni beseni tu lililovaa vizuri.

Ukishapanda, usifanye kitu. Hapa ndipo wenye bidii hufeli. Jua la Agosti likikaza, majani hubadilika yakawa mekundu kama yameungua, na mwenye huruma hukimbilia ndoo. Kaa chini. Maji yake mmea umeyaweka akiba ndani ya majani, na vitundu vyake vya kuvutia hewa huvifungua usiku, mchana ukavibana. Ratiba yake ya maji inaaminika kuliko ya bomba lako.

Tatizo ni macho ya watu. Mtu mzima amekaa kivulini, uwanja una nyasi, jembe limeegemea ukuta: kijiji kitasema. Bahati nzuri Wasukuma wana kinga ya zamani, ngitili. Wazee walitenga eneo la malisho wakati wa mvua, wakapiga marufuku mifugo humo, kiangazi ng'ombe wakapata cha kula. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo, na misitu ikarudi. Kwa hiyo jirani akiuliza mbona hujalima, mjibu kwa upole, "Hiyo ni ngitili, mayu." Kwamba ina ukubwa wa kitanda na wewe huna hata ndama, ni siri ya nyumba.

Sasa wadudu waharibifu. Mbuzi huyakwepa majani kwa uchungu wake, ingawa bua changa la maua hulionja. Mharibifu mkubwa huja asubuhi kwa miguu miwili. "Mwangaluka." Mnaulizana habari za watoto, za mvua, za msiba wa juzi, kisha anakumbuka kuwa kuku wake wamezubaa na anaomba kajani kamoja ka kuweka kwenye maji yao. Wa pili anamwachisha mtoto ziwa, anataka utomvu wa kupaka. Wa tatu anasema anataka kusafisha tumbo. Huyo mnyime kwa faida yake: utomvu ule wa njano unaharisha vibaya, na choo si chake peke yake. Nchini Kenya uvunaji wa mishubiri ya mwituni ulizidi hadi Rais Moi akaupiga marufuku, mwaka huohuo wa 1986. Wewe huna amri ya rais. Una geti, na mbwa anayewajua wote.

Ukivumilia miaka kadhaa, bua litapanda na maua yake mekundu, yote yakitazama upande mmoja wa tawi, na chozi watakuja kunyonya. Ikiangukia Juni, wageni wanaokwenda Bujora kwenye ngoma za Bulabo watasimama kupiga picha, wakiupa mgongo ukoka wa jirani unaomwagiliwa kila jioni na umekauka vilevile.

Jirani huyo atakuja kuomba mche. Mpe mbegu, kiganja kizima. Mweleze aoteshe vipi, na kwamba maua atayaona mtoto wa darasa la kwanza akiwa anakaribia la tano. Wengi hapo hukumbuka wana safari ya Magu.