Askari, Ondoka Mbele ya Gurudumu!

Kama kuna mtu mwenye picha ya askari aliyepigwa Kongo kati ya mwaka 1940 na 1978 akiwa amesimama nyuma ya gari la deraya badala ya mbele ya gurudumu lake, aje nayo hapa Luberizi, nitampa kilo tano za mchele. Mpaka leo mchele wangu uko salama. Weusi kwa weupe, makapteni kwa makuruta, wakimwona mpiga picha wanakimbilia mahali pamoja. Mmoja anakanyaga kitovu cha gurudumu kwa buti. Wa pili anaegemea tairi. Wa tatu, mnene kuliko wenzake, anajipanga katikati ya gari, pale pale ambapo ningeweza kuona kama kuna gurudumu jingine au hakuna. Juu kuna wa nne, miguu inaning'inia mbele ya taa. Mimi nabakiziwa kipande cha chuma na kofia mbili, halafu naulizwa: "Hii ni gari gani?"

Naulizwa kwa sababu nina gereji kando ya barabara ya Bukavu–Uvira, na kwa watu wa hapa fundi wa magari ni fundi wa kila kitu chenye usukani. Mpwa wangu anayesoma Bukavu ndiye aliyeanzisha balaa hili. TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo, inahusu vita katika uwanda wa Ruzizi, na profesa amemwambia kila picha iwe na maelezo kamili. Basi picha zinateremka kwenye WhatsApp, za makumbusho ya Tervuren, za Umoja wa Mataifa, za kabati la bibi wa mtu fulani, zote zimebanwa mpaka gari zima linaingia kwenye ukucha wangu. Megabaiti nalipa mimi. Nikimwambia sioni kitu ananijibu, "Mujomba, weka miwani."

Miwani ninayo. Kinachokosekana ni gurudumu.

Ajabu yenyewe ni kwamba watu wa Luberizi si wajinga wa magari. Usiku, umeme haupo, mtoto wa miaka saba amelala chini ya chandarua atakuambia kwa kusikia tu kwamba inayopita ni Fuso, imebeba, na dereva wake ana haraka ya kufika Sange. Magari ya deraya nayo hayakuwa mageni kwetu: kambi ya jeshi iko hapa hapa, na yale meupe ya MONUSCO, ya Umoja wa Mataifa, yalipita barabara hii miaka na miaka, mpaka walipofunga kazi yao Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Nathubutu kusema uwanda huu umeona blinde, yaani magari ya deraya, nyingi kuliko matrekta. Lakini mpe mtu wa hapa hapa picha ya zamani, ujuzi wote unamtoka. Chenye magurudumu manne ni char, yaani kifaru. Chenye sita ni char. Lori lililopigiliwa mabati ni char. Hakuna anayehesabu.

Na kazi yenyewe inaanza kwa kuhesabu tu. Ukiona magurudumu sita, kibanda kinachozunguka kisicho na paa na mzinga mwembamba, hiyo ni M8, ile Waingereza waliyoiita Greyhound. Ford ya Marekani ilitengeneza zaidi ya 8,500 kati ya 1943 na 1945, mzinga wake ni wa milimita 37, ndani wanakaa watu wanne. Mwaka 1961 ilikuwa Katanga, mikononi mwa jandarma wa Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo. Sakafu yake ni nyembamba kiasi kwamba tangu vita vya Ulaya madereva waliweka mifuko ya mchanga chini ya miguu kwa hofu ya mabomu ya ardhini. Ukiiona bila kibanda, imekatwa juu na kubakizwa pete ya bunduki ya rashasha, hiyo ni dada yake, M20, iliyobeba wakubwa na maagizo yao. Sasa fikiria askari wetu mnene amesimama mbele ya gurudumu la katikati, na mwenzake juu amefunika mahali pa mzinga kwa makalio. Nitajuaje? Nipige ramli?

Yenye magurudumu manne, fupi, imekunjamana, mara nyingi ni Ferret. Hii watu wanaiita ya vita vya dunia, na mimi kila mara nasema hapana, Daimler wa Coventry, Uingereza, walianza kuitoa 1952, Hitler keshaoza. Wamalaysia waliokuja na Umoja wa Mataifa walikuwa nayo, na mamluki wa Mike Hoare walikuwa nayo 1964. Inabeba watu wawili. Kinachonifurahisha ni gia zake: tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, kwa hiyo inaweza kukimbia kinyumenyume kwa kasi ile ile. Mhandisi aliyeichora aliwajua askari vizuri. Mimi gari za wateja wangu nyingi zina gia ya nyuma moja, na hiyo moja inakwaruza.

Ferret hubeba gurudumu la akiba ubavuni, upande wa kushoto. Hilo limenigombanisha na muzee mmoja mwenye kinu cha mpunga, ambaye ametundika ukutani picha aliyoikata gazetini, na chini yake ameandika kwa mkono: "Char ya Schramme, Bukavu 1967." Kwamba Jean Schramme na mamluki wake waliikalia Bukavu tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba mwaka ule, hilo halina ubishi, wazee wa hapa wanakumbuka wakimbizi. Ubishi ni gurudumu. Katika picha ya muzee liko kulia.

Nikamwambia, "Muzee, hii picha imepigwa chapa kinyume. Negativu iligeuzwa."

"Weye ndiye umegeuka."

Nikamwonyesha namba za gari, zinasomeka kama kwenye kioo. Nikamwonyesha vifungo vya shati la askari, vimefungwa kike. Akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaita mke wake, akaita na kijana wa kupepeta mpunga. Baraza zima likakubali kwamba namba ziko kinyume. Muzee akafikiri kidogo, kisha akatoa hukumu: "Sawa, picha imegeuka. Lakini char haikugeuka." Ikarudishwa ukutani. Nikalipa mchele wangu nikaondoka.

Magari yaliyonichosha kuliko yote ni ya Waswidi. Uswidi haikupigana vita vya pili vya dunia, lakini iliogopa sawasawa na wengine, na mwaka 1942 ikachukua shasi za lori na kuzivika chuma. Nyingine zilikuwa za Scania-Vabis, nyingine za Volvo, juu wazi, askari wamekaa nyuma kama abiria, na ukiyatazama kwa mbele umbo lao ni la jeneza lenye taa. Huko kwao hayakupigana na mtu. Miaka karibu ishirini baadaye batalioni za Uswidi zikayaleta Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, yakapakwa nyeupe, na ndipo yakaanza kupigwa risasi kwelikweli, Katanga. Umoja wa Mataifa ulipoondoka mwishoni mwa Juni 1964, mengine yalibaki, na safu za jeshi zilizoelekea Stanleyville (Kisangani ya leo) mwaka ule ule zilikuwa nayo.

Haya ukiyaeleza kwa dereva wa lori unapoteza asubuhi yako. Nilimwambia mmoja, alikuja kubadilisha springi, kwamba lile la pichani ni Scania. Akacheka mpaka akaketi.

"Scania ni lori ya saruji, mukubwa. Hata weye!"

"Hilo ni lori. Limevikwa chuma."

"Basi mwenye kulivika alipata wapi vipuri?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu ndilo swali pekee la maana ambalo nimewahi kuulizwa juu ya picha hizi. Jeshi linaloachiwa magari ya Kiswidi katikati ya Kongo linapata wapi vipuri? Ndiyo maana katika picha nyingi gari halitembei. Limesimama kando ya njia, na askari wamelipanda kwa starehe ya watu wanaojua kwamba leo hawaendi popote. Watu wa Katanga hawakusubiri Mswidi. Karakana za kampuni ya madini ya Union Minière ziliwaundia malori ya chuma yao wenyewe, na ukipewa picha ya moja ya hayo usihangaike na kitabu. Hayana jina la kiwanda. Kila moja lilitoka kama fundi wake alivyoamka.

Nikiwa bado sijapumua, wakaja watu wa Abisinia, yaani Ethiopia.

Kila nyumba kati ya Kamanyola na Uvira ina babu aliyepigana Abisinia, na kila babu, ukisikiliza wajukuu, aliingia huko juu ya blinde. Kweli ni kwamba Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, iliwashinda Waitalia, na Julai 1941 jenerali wao Gazzera alijisalimisha huko Saïo mbele ya jenerali Gilliaert. Kambi ya Saïo pale Bukavu ilipata jina lake huko, ingawa vijana wanaopita mbele yake kwa moto wanadhani ni jina la mtu. Lakini babu zetu walifika kwa malori, kwa mashua za Nile na kwa miguu, miguu zaidi, katika matope ya mvua, wapagazi nyuma yao. Mimi naona hilo ni tendo kubwa kuliko kupanda blinde. Wajukuu hawataki. Mama mmoja alinitumia picha anayotaka kuikuza aiweke sebuleni: gari refu la deraya, magurudumu manne, mchanga mtupu mpaka upeo wa macho, na kijana amesimama. Wapi? Mbele ya gurudumu.

Nilimwambia kwa heshima zote, "Mama, hii ni Marmon-Herrington ya Afrika Kusini." Shasi ya Ford kutoka Kanada, vyuma vya kuzungusha magurudumu manne kutoka kiwanda cha Marmon-Herrington huko Indianapolis, mabamba ya kiwanda cha chuma cha ISCOR, vyote vikaunganishwa Afrika Kusini, magari zaidi ya 5,000 mpaka vita kwisha. Yalipanda kutoka Kenya kupigana na Waitalia hao hao. Shambulio la El Wak, mpakani na Somalia, lilikuwa tarehe 16 Desemba 1940. Lile jangwa la picha ni la upande huo. Yale ya kwanza hayakuwa hata na nguvu kwenye magurudumu ya mbele, kwa hiyo mchangani yalisukumwa na hao hao waliopaswa kubebwa.

Mama akaniuliza, "Na kijana?"

Kijana simjui. Akanishukuru, akaikuza, akaitundika. Niliambiwa na jirani yake kwamba chini imeandikwa jina la baba mkwe.

Sitaki kusema sana juu ya Kamanyola, maana huko siasa iko karibu. Lakini nimeletewa picha, eti ni Mobutu darajani katika mapigano ya Juni 1964, na nyuma ya watu kuna gari lenye mzinga mnene wa milimita 90 juu ya magurudumu manne madogo. Hiyo ni AML ya Panhard, Mfaransa. Ni ya jeshi la Zaire, la siku za vita vya Shaba (Katanga ile ile), 1977 na 1978. Kwa hiyo ama Mobutu alisafirisha gari kutoka siku zijazo, ama mwenye kuandika tarehe alikuwa na njaa. Wenye mapenzi ya marehemu wanachagua jibu la kwanza.

Na walioandika maelezo nyuma ya picha, hao nao wana deni kwangu. Jina la ofisa Mzungu liko, cheo chake, mara nyingine na mji aliozaliwa. Askari weusi ni "askari". Gari ni "gari". Mahali ni "Kongo", nchi ya kilomita za mraba milioni mbili na zaidi, nenda ukatafute mahali penyewe.

Mpwa wangu ametuma nyingine leo asubuhi. Majani ya mgomba yamefunika nusu ya mbele, nusu ya nyuma kuna kikosi kizima kimejipanga kwa urefu. Ananiuliza kama aandike Greyhound au Ferret, maana kesho anamwona profesa.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi mlio na picha nyumbani. Usikate kingo zake. Mara nyingi gurudumu limebaki pembeni. Piga picha na mgongo wake pia, ile mihuri ina maana. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, isije kama picha, maana dokumenti haibanwi. Na kama mzee aliyesimama mbele ya tairi bado yuko hai, usimtume kwangu kwanza: muulize yeye mwenyewe alikuwa ameegemea nini.