Nauli ya Afande

(Makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe, Dar es Salaam, alfajiri. Askari wa Shaba yuko pale pale alipowekwa mwaka 1927, singe imeelekea bandarini. Fagio la chelewa limeegemezwa kwenye msingi wa sanamu. Mwenye nalo ameenda kutafuta chai. Kunguru anatua kichwani kwa Askari.)

KUNGURU: Shikamoo, afande.

ASKARI: Marahaba. Teremka kichwani.

KUNGURU: Ndiyo, afande! (Hateremki.)

ASKARI: Raia bwana. Utii wote unaishia mdomoni.

KUNGURU: Umenikumbusha ya jana. Nilidandia daladala la Posta kwenda Gongo la Mboto, juu ya keria, kama kawaida yangu. Kondakta alikuwa moto. Wanafunzi amewazuia mlangoni, mama mmoja anamsema kwa kukosa chenji. Tulipofika Tazara akapanda mjeda. Kombati, buti zinang'aa. Mzee wangu, redio ilizimwa! Kondakta sauti ikawa ya mwalimu wa madrasa: "Karibu afande, kaa hapa mbele afande." Na hapo mbele palikuwa na mtu, mama mwenye mtoto mgongoni. Akainuliwa.

ASKARI: Huyo kijana aliomba kiti?

KUNGURU: Hata mdomo hakufungua. Alitoa hela, kondakta akaurudisha mkono wake kwa nguvu: "Afande, unataka kunionea?" Ikabidi airudishe mfukoni. Kisha akageuka kumwambia yule mama akae, mama akaapa kwamba yeye hupenda sana kusimama.

ASKARI: Basi wanaliheshimu jeshi.

KUNGURU: Subiri. Kijana akateremka Banana. Mlango haujafungwa vizuri, gari zima likajaa makomandoo. Mmoja anasema hawa wanakula kodi zetu bure. Mwingine anasema angeguswa yeye, leo pangechimbika. Kondakta naye, yule yule, anapiga bati kwa uchungu: "Hawa ndio wanaotuua, hawalipi nauli!"

FAGIO: (anacheka mpaka njiti zinadondoka) Na yule mama?

KUNGURU: Alirudi kwenye kiti chake. Kondakta akamdai nauli upya, kwamba amepanda kituo kingine.

ASKARI: Mimi nilikuwa nadhani mambo haya yalikwisha na wakoloni. Zamani zetu askari akitokea mwanzo wa kijiji, kijiji kilihamia porini. Walikuwa na sababu. Vita vya Majimaji, mazao yalichomwa makusudi ili njaa imalize kazi ya bunduki. Vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani akaja kuchukua ng'ombe, Mwingereza akaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Tulikuta mji umefagiliwa, maji mtungini, hakuna mtu. Tukaona tumepokewa kwa adabu.

FAGIO: Ninyi watu mnastahili kuonewa huruma. Mtu akikukimbia, unahesabu saluti.

KUNGURU: Lakini baba, jeshi la sasa si lile la Mfalme wa Uingereza. Lile lililoasi Januari 1964 lilivunjwa, na Septemba mosi mwaka huo likaundwa jipya, likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina zuri mno. Sijui ni nani aliyesahau kumwarifu kondakta.

FAGIO: Kuna wakati aliarifiwa. Wenzangu wakongwe wanasimulia Vita vya Kagera. Idi Amin wa Uganda alipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, watu walitoa ng'ombe, walitoa unga, malori na mabasi yakaenda na askari. Mgambo wa mtaani wakapewa bunduki. Hapakuwa na wa kumwogopa mjeda, maana kila nyumba ilikuwa na wake. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na waliporudi walipokewa kwa ngoma.

ASKARI: Halafu?

FAGIO: Halafu Mwalimu Nyerere alikuwa ameomba mikanda ifungwe miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki. Shujaa na jirani yake wakakutana kwenye foleni ya sukari, kila mmoja ameshika kikapu chake.

KUNGURU: Na ukitaka kuona raia anavyompenda askari, ngoja afe. Desemba 2017, walipouawa wale askari wetu kule Semuliki, Kongo, mji huu ulilia kweli, sikatai. Wiki ile kila mtu kijiweni alikuwa na mjomba jeshini. Wiki ya pili wajomba wakapungua.

ASKARI: Mimi ni wa shaba, kwa hiyo napendwa mwaka mzima. Wanapiga picha nami, wananipa mgongo wanatabasamu. Hakuna aliyewahi kuniambia nakula kodi yake.

KUNGURU: Wewe huombi kiti.

FAGIO: Ila wakiipenda sana nguo, nako ni balaa. Wewe Kunguru, si una kitambaa cha madoadoa kwenye kiota?

KUNGURU: Punguza sauti! Agosti 2023 jeshi lilitangaza siku saba, kila raia mwenye sare za kijeshi au zinazofanana nazo azisalimishe. Mke wangu alikuwa amelalia mayai. Nikamwambia tusalimishe, akasema nikasalimishe mimi, yeye haondoki.

ASKARI: Lakini raia ataka sare ya nini, naye aiogopa?

KUNGURU: Ndiyo maana anaitaka, mzee! Ukiivaa unakaa mbele. Tapeli akitaka kuwaibia watu wazima hahitaji silaha, anahitaji koti tu na buti, na kukunja uso. Wanamwita afande kabla hajajitambulisha. Msanii akitaka kuonekana mgumu kwenye video, hiyo hiyo. Na kijana fulani namjua alivaa kaptura ya madoadoa aliyonunua mtumbani, kaptura imeandikwa jina la timu ya mpira ya Ulaya, akarushwa kichurachura barabarani saa sita mchana. Umati ukakusanyika. Unadhani walimhurumia? Walimhesabia.

FAGIO: Katika ukoo wetu hatuhitaji sare. Kuna kisa cha mwaka 1964, hatukisahau. Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani malimbikizo yao ya ile vita ya kwanza. Wanasimulia kwamba ofisa wa benki alifika Mwanza na hela, wakajitokeza wazee mamia. Wachache walikuwa na vyeti, baadhi wameshika mabaki ya koti. Waliobaki, mikono mitupu. Yule ofisa akafikiri, akachukua fagio...

KUNGURU: Ehe, tumefika kwa babu yake.

FAGIO: Akachukua FAGIO, akamkabidhi kila mzee, akampa amri za gwaride kwa Kijerumani. Bega silaha! Shusha silaha! Na inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Baada ya miaka karibu hamsini.

ASKARI: Miaka hamsini hiyo, majirani zao waliwaona ni akina nani?

FAGIO: Wazee wanaofuga kuku. Nani angeuliza?

ASKARI: (baada ya kimya) Kabla yangu, mji huu ulikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Chini ya miguu yake waliweka askari mweusi, anamtazama bwana. Waingereza wakaing'oa, wakaniweka mimi peke yangu juu, nikaona tumepanda cheo. Kibao changu kina Kiingereza na Kiswahili, maneno kaandika Rudyard Kipling. Kinaahidi kwamba anayepigania nchi, jina lake litakumbukwa na wanawe. Mimi sikioni, kiko chini. Fagio, wewe hukifuta kila siku. Kimeandika majina mangapi?

FAGIO: Hakuna.

ASKARI: Hata moja?

FAGIO: La Mwingereza aliyekuchonga linajulikana, Stevenson. Lako wewe, hapana. Wapagazi waliokufa kwa maelfu wameachiwa soko: Kariakoo, ndiyo ile "Carrier Corps", kikosi chao. Watu wanaulizia bei ya nyanya juu ya kambi yao.

KUNGURU: Tena wanapunjwa.

(Mfagizi anarudi na kikombe cha chai. Daladala za kwanza zinaanza kupiga honi upande wa Posta.)

FAGIO: Naitwa kazini. Kunguru, leo unadandia tena?

KUNGURU: Nadandia. Kama yule kijana atapanda Tazara, nitakuja kuwapa habari.

ASKARI: Anaitwa nani?

KUNGURU: Nani?

ASKARI: Huyo kijana. Siku hizi jina hushonwa kifuani, nawaona wakipita hapa.

KUNGURU: Kifuani sikutazama, afande. Nilikuwa natazama buti.