Vidole Ndivyo Vinavyolipa

Mahali pabaya kabisa pa kukatikiwa na ndala ni katikati ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, jioni. Bwana mmoja mwenye mfuko wa nyanya anavuka, mkanda unachomoka kwenye tundu lake, mguu unatangulia na ndala inabaki nyuma kuzipisha bodaboda. Watu wanampa pole huku wakicheka. Muuza mitumba anamkabidhi msumari, unapitishwa chini ya kifundo cha mkanda, safari inaendelea.

Ila hata ndala nzima ina lake. Nyuma haina cha kushika kisigino, hivyo vidole hujikunja kuing'ang'ania kila hatua, na hatua zenyewe huwa fupi. Soli ikilika, sakafu ya bafuni yenye maji inatosha kumlaza mtu mzima chali. Na kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hakuna mzaha: ndala ikimtoka bila yeye kujua, kijiwe kimoja chaweza kumwachia kidonda.

Aliye juu ya mchuchumio asicheke sana. Kwake kisigino kimepandishwa, uzito mwingi umeteremkia mbele, kwenye vidole vilivyobanwa penye ncha. Akizoea hivyo miaka mingi, misuli ya nyuma ya mguu hufupika, hata siku akivaa viatu bapa inamuuma. Mwaka 1993, jijini Paris, Naomi Campbell, ambaye kutembea ndiyo kazi yake, alianguka jukwaani akiwa na viatu virefu vya Vivienne Westwood, akabaki chini anacheka. Sasa shangazi wa bibi harusi, kwenye mchanga wa Kunduchi, anajiamini kwa lipi?

Wabishi wanaodai kiatu si lazima humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu. Kweli. Ila Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena, safari hii amevaa viatu, na hapo wabishi hunyamaza.

Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo kiatu kijaribiwe jioni. Mpenda mitumba hana subira hiyo: yeye yuko pale alfajiri, robota linafunguliwa, anapata moka za namba 41 ilhali anavaa 42.

"Vitatanuka," anaambiwa. Ngozi halisi hulegea kidogo, ya plastiki hailegei, na kidole gumba ndicho kinachoanza kumlalia jirani yake.